MALI BILA DAFTARI HUISHA BILA HABARI
Mazungumzo juu ya hesabu za shule na maisha ya mtu mzima



Liko swali moja linaloulizwa katika nyumba nyingi zenye watoto wa shule, toka Bandari ya Victoria kandokando ya Ziwa hata Busia na Malaba mpakani. Huulizwa jioni, wakati mtoto amekaa na daftari lake karibu na taa, na mama yake anatia omena katika gunia tayari kwa soko la kesho. Mtoto huinua kichwa akasema, "Mama, hizi hesabu za kutafuta x zitanifaa nini? Wewe hukuzisoma, na kila siku wauza samaki." Na mama, akiwa ni mtu wa haki, hukosa jibu, kwa sababu ni kweli hajapata kukutana na hiyo x sokoni hata siku moja.

Swali hilo si utovu wa adabu, wala halifai kujibiwa kwa fimbo. Mzazi hutoa fedha zake kwa ajili ya shule, na mtoto hutoa miaka yake ya ujana. Mtu atoaye mali na wakati ana haki ya kuuliza atapata nini badala yake. Basi na lipimwe kama omena wapimwavyo katika gorogoro: kwanza maneno yanayomwunga mkono mtoto, kisha yale yanayompinga, ndipo hukumu itolewe.

HESABU ZILIZOTANGULIA SHULE

Neno la kwanza linalomwunga mkono mtoto ni hili: watu wa Afrika Mashariki walijua kuhesabu kabla ya shule kujengwa. Pwani, wazee walipima nafaka kwa kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili vilifanya kisaga kimoja, na visaga viwili vilifanya pishi moja. Methali isemayo kwamba haba na haba hujaza kibaba ilitoka katika vipimo hivyo, wala haikutoka katika kitabu cha mwalimu. Hapa ziwani, wavuvi wa omena huhesabu siku za mwezi ili wajue ni usiku upi wenye giza utakaofaa kwa taa zao. Mashua irudipo, mapato hugawanywa kwa mafungu: fungu la mwenye chombo, fungu la nyavu, na fungu la kila mvuvi. Mzee asiyejua kuandika jina lake anaweza kuifanya hesabu hiyo mchangani, na ole wake atakayejaribu kumpunja.

Wataalamu wa mbali nao wameliona jambo hili. Mwaka wa 1985 ilitolewa habari ya uchunguzi uliofanywa katika mji wa Recife, nchi ya Brazil. Wataalamu waliwaendea watoto waliokuwa wakichuuza nazi na matunda njiani, wakajifanya wanunuzi, wakawauliza bei ya nazi kadhaa na chenji yake. Katika kila maswali 100 watoto wale walijibu sawasawa karibu 98. Kisha walipewa hesabu za namna ile ile kwa karatasi na kalamu, kama shuleni. Hapo walipata kiasi cha 37 tu katika 100. Akili ilikuwa ile ile na hesabu zilikuwa za namna moja, lakini kalamu iliwababaisha.

Mwaka wa 2025 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi mkubwa zaidi uliofanywa katika masoko ya Kolkata na Delhi, nchini India. Miongoni mwa walioufanya walikuwako Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019. Watoto wafanyao kazi sokoni walihesabu upesi bei na chenji, lakini walishindwa na hesabu za daftari. Watoto wa shule wasiofanya kazi sokoni walikuwa kinyume chao: waliziweza zaidi hesabu za daftari, nao wakatatizika walipopewa hesabu za soko.

Basi mtoto wetu wa Bandari ya Victoria ana hoja. Mtu aweza kuhesabu bila shule, na aweza kwenda shule asijue kuhesabu sokoni. Lakini haifai kukata shauri kwa kumsikia shahidi mmoja.

GUNIA LA OMENA

Na tuchukue mfano wa mama mmoja mwenye biashara ndogo. Tuseme amenunua gunia la omena wakavu ufukweni kwa shilingi 6,000 za Kenya, naye anatumaini kupata gorogoro 40 ndani yake. Busia atauza kila gorogoro kwa shilingi 180. Arobaini mara 180 ni 7,200. Mama huyo husema moyoni, "Faida yangu ni 1,200," akarudi nyumbani na furaha, akanunua sukari na daftari za watoto.

Lakini nauli yake na ya gunia ilikuwa 500. Ushuru na mchukuzi walikula 150. Chakula cha siku mbili kilikuwa 200. Jumla ni 850. Ukizitoa katika 1,200, faida iliyobaki ni 350, wala si 1,200. Kisha tuseme kwamba kwa ajili ya mchanga na omena waliovunjika, gunia halikutoa gorogoro 40 bali 37. Thelathini na saba mara 180 ni 6,660. Gharama zote zilikuwa 6,850. Hapo faida imetoweka, na pana hasara ya shilingi 190.

Jambo la kuangaliwa ni hili. Mama huyo hakukosea katika kuzidisha wala kutoa. Wanawake wa soko hawakosei upesi katika hayo. Kosa lake lilikuwa kutoandika gharama zote mahali pamoja na kuzitazama kwa pamoja. Na hiyo ndiyo kazi ya daftari: kukumbuka yale ambayo kichwa kilichochoka kingeyasahau. Waliosema kwamba mali bila daftari huisha bila habari hawakusema kwa mchezo.

X ILIYOKUWA IMEJIFICHA

Na tuendelee na mama huyo huyo. Siku hizi mkopo hupatikana kwa simu, mtu akiwa amekaa mlangoni pake. M-Pesa ilianza Kenya mwaka wa 2007, na mwaka wa 2012 ukaanza mkopo wa M-Shwari, ambao ada yake wakati ulipoanzishwa ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Asilimia saba na nusu yasikika kama kitu kidogo, lakini ada ya shilingi 6,000 ni shilingi 450. Mtu akiukopa, akaulipa, akaukopa tena kila mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa amelipa ada ya shilingi 5,400, yaani sehemu tisa katika kumi za mtaji wake.

Je, mkopo huo ni mbaya? Wako wasemao ni mbaya kabisa, na wako wasemao ni baraka. Wote hao husema kabla ya kuhesabu. Ikiwa mama huyo hupeleka gunia moja tu kwa mwezi na kupata faida ya 350, basi akilipa ada ya 450 amepoteza 100. Lakini kama akiyazungusha mafedha hayo hayo mara nne katika mwezi, faida yake ni 1,400. Akitoa 450, amebaki na 950. Mkopo ni ule ule, na ada ni ile ile. Kilichotofautiana ni idadi ya safari.

Sasa mama aulize: "Ni safari ngapi zitakazonitosha kulipa ada bila hasara?" Idadi hiyo hajaijua bado. Na iitwe x. Shilingi 350 mara x lazima zifikie 450. Gawanya 450 kwa 350, nawe utapata moja na robo na kidogo. Safari moja haitoshi, na mbili zinazidi. Basi asikope mpaka awe na hakika ya safari mbili kabla ya siku 30 kuisha.

Hiyo ndiyo x ambayo mtoto alisema haionekani sokoni. Ilikuwapo siku zote, ila haikupewa jina. Kitu kisichojulikana bado, lakini kinachoweza kujulikana kwa kufikiri, ndicho mwalimu akiitacho x.

SHILINGI MBILI ZA MPAKANI

Zamani watu wa Busia na Malaba hawakuwa na taabu ya kubadili fedha, kwa maana Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mwaka wa 1966 kila nchi iliunda Benki Kuu yake, na shilingi zikaachana. Tangu hapo mtu wa mpakani huishi kati ya fedha mbili. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi Busia mwaka wa 2018 kilipunguza foleni na kusimama mara mbili, lakini hakikuondoa hesabu.

Tuseme mnunuzi kutoka ng'ambo amenunua gunia zima na kulipa kwa fedha ya Uganda. Bei ni ile ile ya 7,200 za Kenya, nao wamehesabu kwamba shilingi moja ya Kenya ni 28 za Uganda. Basi amelipa 201,600. Mama huzipeleka kwa mbadilishaji, naye hutaka 29 kwa kila shilingi moja ya Kenya. Mama hufikiri, "Hiyo moja ni kitu gani?" Lakini ukigawanya 201,600 kwa 29, utapata kama 6,952 tu. Zimepotea karibu 248, na ile faida ya 350 imekuwa 102. Kazi ya siku mbili imeliwa kwa dakika moja, wala hakuna mwizi aliyekamatwa, kwa sababu hakuna aliyeiba.

Mtoto wa siku hizi atajibu kwamba simu inayo mashine ya hesabu. Ni kweli, nayo ni msaada mkubwa. Lakini mashine hujibu lile iliyoulizwa. Mtu akizidisha mahali pa kugawanya, mashine itampa jibu upesi sana, nalo litakuwa la uongo. Aliyefundishwa kukisia atastuka na kusema, "Hapana, jibu hili ni kubwa mno," akarudia. Asiyefundishwa atalipa.

SAMAKI, PEMBE NA MALORI

Yako mambo mengine ambayo akili ya soko peke yake haiyafikii. Wavuvi wa sangara, ambaye wengine humwita mbuta, wanajua kwamba samaki aliye chini ya sentimita 50 hapaswi kuvuliwa. Wengi hunung'unika: samaki wa sentimita 25 si nusu ya yule wa 50? Kwa urefu, ndiyo. Lakini samaki hakui kwa urefu tu. Hukua kwa upana na kwa unene pia. Mbili mara mbili mara mbili ni nane. Kwa hiyo samaki wa 25 akiachwa mpaka afikie 50, uzito wake huwa karibu mara nane. Anayevua samaki mdogo hauzi nusu ya samaki mkubwa, bali auza sehemu moja ya nane, na zile saba amezitupa ziwani. Hesabu ya mwili wenye pande tatu, ambayo wanafunzi huiona ngumu na kavu, ndiyo inayoieleza sheria hiyo kuliko askari yeyote.

Fundi wa nyumba naye, atakapo pembe iliyo sawasawa, hupima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili, kisha huvuta kamba toka ncha hata ncha. Kamba ikiwa mita 5, pembe ni mraba. Ikizidi au ikipungua, ukuta utakwenda upande. Mafundi wengi hulijua hilo kwa mazoea. Lakini fundi aliyejifunza kanuni yenyewe shuleni aweza kuitumia kwa nyumba ya vipimo vyovyote na kwa mapaa ya namna nyingi, wala hafungwi na 3, 4 na 5.

Huko Malaba malori husimama safu ndefu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka tani 56 kuwa uzito mkubwa wa lori pamoja na mzigo wake. Lori likiwa na uzito wa tani 18 likiwa tupu, mzigo wake usizidi tani 38, yaani mifuko 760 ya saruji ya kilo 50. Mpakizi akiongeza mifuko kumi tu kwa ukarimu, amezidisha nusu tani, na taabu itakayofuata mizanini itampata dereva, wala si yeye aliyepakia.

RELI ILIYOKUWA IJE BANDARI YA VICTORIA

Watu wa hapa wana sababu yao wenyewe ya kuikumbuka nguvu ya hesabu. Wapimaji walipoitafuta njia ya reli kutoka Mombasa mwaka wa 1892, mwisho wa njia hiyo ulikusudiwa kuwa katika ghuba hii ya Bandari ya Victoria, nao walihesabu urefu wa maili 657. Baadaye ilipimwa njia nyingine ya kushukia Kisumu, nayo ikaonekana kuwa fupi kwa maili nyingi. Basi mwezi wa Desemba 1901 reli ilifika Kisumu, baada ya maili 580 na kidogo. Kisumu ikawa mji mkubwa, na Bandari ya Victoria ikabaki na mashua zake. Hakukuwa na vita wala ugomvi. Tofauti ya maili chache zaidi ya sabini iliamua.

Lakini wenye kalamu nao hawakosi kukosea. Mwaka wa 1896 Bunge la Uingereza lilikubali paundi milioni 3 kwa ajili ya reli hiyo. Kazi ilipokwisha, zilikuwa zimetumika zaidi ya milioni 5. Kumbe hata mkubwa aliyesoma sana hupata yale yale ya mama wa omena: gharama hazikuhesabiwa zote. Basi asidhani mtu kwamba hesabu ni kwa ajili ya maskini tu, au kwa ajili ya wakubwa tu.

HESABU ZIPI, NA KWA NJIA GANI?

Hata hivyo, haifai kumdanganya mtoto. Si kila kilichomo katika kitabu kitamfaa kila mtu. Watu wazima wengi hawakupata kutumia logi wala matriki tangu siku ya mtihani wa mwisho, nao wanaishi vema. Na serikali zenyewe zimebadilisha mawazo zaidi ya mara moja. Mwaka wa 1962 wataalamu wa Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe na kuanza kuandika vitabu vya hesabu mpya, zilizotilia mkazo maana kuliko mazoea. Shule za Kenya nazo zilifuata njia ya hesabu za kisasa. Wazazi na walimu wengi wakalalamika kwamba watoto wanajua habari za seti, lakini kugawanya kunawashinda. Mwaka wa 1981 serikali ya Kenya iliziacha.

Mapema mwaka wa 2025 shauri likageuka upande wa pili. Katika mipango ya masomo ya sekondari ya juu, ambayo wanafunzi wake wa kwanza walipangiwa kuanza Januari 2026, hesabu hazikutiwa miongoni mwa masomo ya lazima kwa wote. Wananchi walipiga kelele. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo wizara ilitangaza kwamba hesabu zitakuwa za lazima kwa kila mwanafunzi, lakini kwa namna mbili: hesabu kamili kwa wafuatao njia ya sayansi na ufundi, na hesabu nyepesi zaidi, zenye kuelekea mahitaji ya maisha, kwa wafuatao njia za elimu ya jamii na za sanaa na michezo.

Shauri hilo laonyesha kwamba swali la mtoto wa Bandari ya Victoria lilikuwa swali la taifa zima. Na jibu lake si "zote zafaa," wala si "hazifai." Hesabu za gharama, za asilimia, za uwiano, za vipimo na za kukisia zamfaa kila mtu aliye hai. Zile ngumu zaidi zawafaa wachache, lakini wachache hao huwafaa wote. Kingo za mto Nzoia zinazoilinda Bunyala na mafuriko hazikuwekwa kwa kubahatisha. Mtu akikosea kimo cha ukingo, maji yataingia nyumbani mwa yule ambaye hakusoma kabisa. Daktari apimaye dawa ya mtoto kwa kilo za mwili wake, akikosea nukta moja, ameua. Na hakuna mzazi ajuaye, mtoto wake akiwa na miaka kumi na mitano, kama huyo ndiye atakayekuwa mhandisi, daktari au mchuuzi. Mlango ukifungwa mapema ni kazi ngumu kuufungua tena.

MANENO YA MWISHO

Basi yako mambo matatu yawezayo kufanywa bila kungoja serikali.

Kwanza, mwalimu na alete soko darasani. Ule uchunguzi wa Brazil na wa India umeonyesha kwamba hesabu za soko na za daftari hazikutani zenyewe. Lazima mtu azikutanishe. Gorogoro moja ya omena mezani, na bei za Busia ubaoni, zitafundisha kugawanya kuliko kurasa kumi za nambari tupu.

Pili, mzazi na amwachie mtoto daftari la biashara. Aandike yeye kila jioni fedha zilizoingia na zilizotoka, nauli, ushuru na gunia lililopungua. Mama atapata karani asiyelipwa, na mtoto atapata mwalimu ambaye shule haikumpa.

Tatu, mtoto na aendelee kuuliza swali lake. Lakini akisha kuuliza, akae atafute jibu, kama atafutavyo ile x.

Na siku moja, jioni, mama akiwa anafunga gunia, mtoto atainua kichwa na kusema, "Mama, usikope leo. Safari ni moja tu iliyobaki kabla ya siku ya kulipa, twapoteza mia." Siku hiyo hakuna atakayeuliza tena kama hesabu za shule zina faida.